Penye Kona

Nina daftari la kurasa arobaini na nane,
kalamu ya bluu, chupa ya maji,
na risiti ya duka la dawa iliyoandikwa kwa nyuma:
Buguruni, uliza Semeni wa mkaa.

Mji huu siujui. Nimeletwa na ugonjwa wa dada yangu
aliyelazwa Muhimbili, wodi ya ghorofa ya pili,
ambako saa za kuona wagonjwa zikiisha
mlinzi hutuswaga kama kuku walioingia kwenye mpunga.
Kati ya saa nane na saa kumi sina pa kwenda.
Basi naenda relini.

Msicheke. Tumezaliwa Tabora, nyumba ya tatu kutoka kwenye reli,
baba akigeuza njia za treni kwa mikono yake,
mimi nikiandika namba za injini ukutani,
Nyamizi akihesabu mabehewa.
Hakuna aliyetutuma.

Siku ya kwanza nilikwenda stesheni mpya, ile ya vioo.
Nikasimama kwenye uzio kama anayedai deni.
Treni ya umeme ikatoka bila hata kikohozi,
imenyooka, kama mtu asiyetaka salamu.
Kijana wa ulinzi akasoma kitambulisho changu mara mbili.
"Mzee, unasubiri nini?"
"Nilikuwa naisubiri hiyo."
"Si imeshaondoka?"
"Ndiyo. Nimeiona."

Siku ya pili, daraja la juu pale Tazara:
vumbi, malori, honi,
na chini yake reli zimelala kimya
hadi mguu wangu wa kushoto ukafa ganzi.
Kikapita kiberenge. Kiberenge kimoja,
wanaume wanne, sururu, na dumu la maji.
Nikakiandika. Si haba.

Jioni Nyamizi akalishika daftari karibu na uso,
akatabasamu upande mmoja, upande unaomtii.
"Unasimama pabaya," akasema,
maneno yakipanda mlima na mizigo yake.
"Treni ikinyooka haikuambii kitu.
Tafuta kona. Penye kona hupunguza mwendo,
ikakuonyesha ubavu wote."
Muuguzi aliyekuwa akibadilisha dripu akacheka:
"Kona? Kwetu ipo. Nipe karatasi yoyote."

Semeni hakuuliza kitambulisho.
Aligeuza ndoo, akaifuta kwa ncha ya kanga, akasema kaa.
Mkaa wake umepimwa kwenye makopo, hatua sita kutoka relini;
kamba ya nguo imepita juu yake,
na mwanawe, Shomvi, amelala fofofo kwenye gunia.
"Ya Pugu ina saa zake. Ya mizigo haina adabu, hupita ikipenda.
Ukiona kuku wanahama, jua imeshafika Vingunguti."

Kuku wakahama.
Kwanza chuma kikaimba kwa sauti nyembamba, ya sindano,
makopo yakaanza kunong'ona,
Semeni akaanua shuka moja tu, ile ndefu,
na kichwa cha treni kikachungulia kwenye kona,
kimechakaa, rangi imebanduka, kinatoa moshi mweusi,
honi ya koo lililokauka.
Ile ile. Ya nyumbani.
Nikaandika namba. Mkono ulitetemeka kwa sababu ya ardhi,
tuseme hivyo.

Halafu nikakumbuka sina wa kuhesabu mabehewa.
Nikaanza kwa sauti, moja, mbili, tatu,
Semeni akadakia kwenye saba,
mteja mwenye beseni akadakia kwenye kumi na nne,
tukapotezana kwenye ishirini, tukabishana.
Shomvi hakuamka.

Kwa hiyo usiku huu nimeandika hesabu mbili:
yangu ishirini na mbili, ya Semeni ishirini na tatu.
Kesho saa kumi nitampelekea Nyamizi zote.
Najua atakachouliza kabla hata ya shikamoo:
na la mwisho, lilikuwa na taa?
Lilikuwa nayo.
Nyekundu, mchana kweupe, hakuna aliyekumbuka kuizima.