Fundo la Nane

Nilikataa mara mbili.
Balagizi alikuja dukani kwangu Nyawera na daftari lake lililokunjika kona,
akasema: mama, dola tano kwa mwezi, uingie chama cha wenye magari.
Chama cha nini? Cha kunywa bia Jumapili
na kusomeana majina ya waliochelewa kulipa?
Nina Carina yangu, nikamwambia. Imeizidi umri ndoa yangu.
Ikikohoa katika mlima wa Kadutu naisemesha taratibu,
inapanda.

Hakubisha. Aliacha karatasi yenye namba za simu.
Ya kwanza nilimfungia mteja sukari.
Ya pili niliikunja mara nne, nikaiweka chini ya mguu wa meza,
meza ikatulia.

Halafu Ngomo.
Anayeijua barabara ya Uvira hahitaji maelezo.
Asiyeijua afikirie ukuta,
afikirie mtu aliyechonga njia ya gari katika ukuta huo
kisha akaondoka kabla ya kumaliza,
kisha mvua.
Nilikuwa natoka Kamanyola na magunia matatu ya mchele,
taa moja ikiwaka kama jicho la mgonjwa.
Radieta ikapiga mluzi. Ikanyamaza.
Niliweka jiwe nyuma ya gurudumu.
Nikaongeza jingine.
Magari mawili yalinipita, sikuyalaumu:
gizani pale, nani asimame, na amsimamie nani?

Nikampigia binti yangu.
"Nsimire, inua meza."
"Meza gani?"
"Ya dukani. Mguu wa kushoto. Nisomee."
Tarakimu ya mwisho ilikuwa imeliwa na mguu wa meza.
Tukabahatisha: sita, au nane.
Sita alikuwa padri, akanibariki, akakata simu.

Wa nane alikuwa anakula, nilimsikia akitafuna.
Hakuuliza kadi.
Aliuliza: kona ipi? Umezima injini? Una kitu cha kujifunika?

Walifika saa nne kasoro, wanne ndani ya Landi Kruza kuukuu:
Balagizi mwenyewe, koti la mvua juu ya pajama;
Mugisho wa gereji ya Essence, anayezitukana boliti kwa upole;
mwalimu mmoja wa hesabu ambaye gari lake
halijatoka uani tangu mwaka juzi, lakini michango analipa;
na Faida, msusi, ndiye aliyeshika usukani.

Kamba yao ilikuwa ya nailoni, ya bluu, ina mafundo saba.
"Hili ni la Kavumu," Faida akanionyesha kwa tochi,
"hili la daktari, hili la harusi ya Murhula,
bibi harusi alisukuma na shela yake."
Kwenye kona ya tatu kamba ikakatika.
Mugisho akashuka matopeni, akafunga.
"La nane," Faida akasema. "Basi umeshaingia."

Sitadanganya: mikutano ni mirefu.
Mweka hazina anasoma hesabu hadi faranga ya mwisho,
na mwezi wa tatu watu wazima walinuniana kwa sababu ya betri.
Lakini matairi tunanunua kwa pamoja, bei inashuka.
Polisi wa rulaji akinidai sukari ya watoto wake
namwambia ngoja, nimpigie katibu wetu, aje na risiti,
naye anakumbuka kuna lori la kusimamisha kule mbele.

Jumanne iliyopita simu ililia, ugali uko mkononi.
Sauti ya kijana, mvua nyuma yake.
Yuko Nyangezi. Jina lake sikulisikia vizuri.
"Wameniambia kamba iko kwako."
"Ni nani?" Nsimire akauliza.
Nikasema sijui, nitafutie viatu.

Meza ya dukani inatikisika tena.
Nimezoea.
Wateja ndio wanaoshika glasi zao.