Lipi Si la Utotoni

Nimetumwa na Ghalia
filamu kuangalia
kabla hawajaingia
wajukuu sebuleni.

Kasema: "Mama, kagua,
wewe mabaya wajua,
lipi ni la kuchagua,
lipi si la utotoni."

Tangazo limeandika
"Familia itacheka,"
na picha: wamejipaka
unga mweupe puani.

Mabela imeshalala,
nimeondoa msala,
nikamimina kwa dala
kahawa yangu finjani.

Nikashika na kalamu
kama mtu wa hukumu,
nikaandika kwa zamu
kila kosa daftarini.

Mubaraka, mwenye sita,
kivuli tu kikipita
usiku mama humwita;
jini humu simuoni.

Busu: moja, la haraka;
tusi: moja, la dhihaka;
baba mtu kadondoka
na kanzu yake majini.

Akaibuka na chura
kichwani, katia fora!
Nikacheka hata sura
ikalowa mashavuni.

Nikasema: busu, basi,
tutalipita upesi;
na lile tusi jepesi
wanalijua shuleni.

Kisha akaja mpishi,
Kiarabu chake bishi,
kumwita bwana haishi
"Bibi" mbele ya wageni.

Wageni wakaanguka,
na sauti za kucheka
za kubandika, zaruka
neno lingali kinywani.

Nami nilishaachama,
cheko kooni lakwama,
nikamkumbuka mama
ile siku ya sokoni:

Matrahi, meza ya nyama,
"moyo" kataka kusema,
herufi ikamhama,
akaomba "mbwa" dukani.

Walicheka. Nami nao
nikacheka cheko lao,
wadhani mimi ni wao,
si wa mama wa Shangani.

Njia nzima hakunena,
kanishika kwa kubana;
na ule moyo, mchana,
akaupika jikoni.

Leo Kiarabu changu
chanyooka; na wanangu
Kiswahili, ole wangu,
hukisahau njiani.

Nikafuta lile busu,
na tusi halinihusu;
nikawaza saa nusu:
mpishi jinale nani?

Ijumaa wakafika
Shinuna na Mubaraka,
bisi tele wakashika,
wakakaa zuliani.

Ghalia kwa jicho: "Vipi?"
Nikanena: "Pale." "Wapi?"
"Penye mpishi." "Kosa lipi?"
"Washa tu. Nipo kitini."

Chura alipoibuka
sote tukafa kucheka;
mpishi alipofika,
kidole ki rimotini.

Shinuna kacheka, kisha
cheko akalikatisha,
na macho akazungusha,
yakanitua usoni.

Nikalitafuta neno
la busara, la mfano;
nikamshika mkono
kama yule wa sokoni.