Kona ya Kushoto

Kitanda cha boti yetu hakina adabu ya mstatili.
Kona yake ya kushoto, upande wa miguu, imeliwa
ili mlango wa stoo upate kufunguka,
na anayelala pale hujifunza mapema
kuning'iniza kisigino.

Tandiko la sponji lilifika Jumanne
limekazwa ndani ya nailoni. Tulipoitoboa
lilishusha pumzi ndefu,
likajaza chumba harufu ya duka la viatu,
likapanda ukutani, likamfunika mbwa.
Upande mmoja laini. Wa pili vinundu vitupu,
kama trei ya mayai.

Emrys akataka magazeti, akayaunga kwa gundi,
akapiga magoti kitandani
akilichukua umbo lake kwa wino mzito.
Nje, mvua ya Februari iliuchapa mfereji wa Llangollen
bila haraka, kama kibarua anayelipwa kwa siku.

"Nipime tena?" niliuliza.
"Nerys. Nimepanga chapa miaka ishirini na miwili."

Kweli. Kule Wrexham alizisoma herufi za risasi
kinyumenyume, kichwa chini miguu juu:
kadi za harusi, matangazo ya mazishi, bei za kondoo,
asikosee hata nukta.

Kisu cha umeme, kile cha bata mzinga wa Krismasi,
kikanguruma.
Sponji haikatiki kama nyama; humkimbia mkataji,
hubonyea, hurudi, humwekea kinyongo.
Chembe nyeupe zikamganda kwenye sweta,
kwenye nyusi,
akawa mzee kwa dakika kumi
kuliko alivyokuwa asubuhi.

Tukalinyanyua wawili, tukalitandaza, laini juu.

Kona iliyokatwa ikakaa kulia.
Kushoto, pembe nzima ikaning'inia mlangoni
kama ulimi.

Birika lilichemka, likajizima lenyewe.
Alikuwa ameliweka gazeti juu ya vinundu,
tandiko likiwa limelala kifudifudi,
na yeye, bingwa wa kinyume,
akasahau kugeuza.

Sikucheka. Nilikwenda kuchungulia maji
mpaka mabega yalipotulia.

Dawa ilikuwa moja: tuligeuze.
Likaingia kona kwa kona, limenyooka,
halina kosa hata la unywele,
na vinundu vyote vikitutazama.
Kile kipande cha pembetatu mbwa alishakibeba,
akakizungukia mara tatu, akalala kwa raha
kutushinda sisi.

Wasemao husema kitanda usichokilalia
hujui kunguni wake.
Hiki nakilalia. Vinundu vyake, kuanzia bega hadi nyonga,
nimevihesabu: thelathini na kimoja.

Usiku, taa zimezimwa, akajigeuza.
"Mgongo wangu," akanong'ona, "unasoma."
"Unasoma nini?"
Maji yakagonga bati la boti, yakaondoka, yakarudi.

"Bei za kondoo."