Isipokuwa Majina

Barua ilitoka Ostrava, kwa fundi wa zamu ya usiku
katika hospitali, mtu aitwaye Vavřinec:
"Nimenakili amri kama ilivyo kwenye mwongozo wenu.
Mara tatu. Mashine inasema haijui ninachotaka.
Saa nane za usiku, bibi, hata mimi sikujua tena."

Zdislava akaifungua ile amri, akaikuza
hadi kila herufi ikatoshana na kidole gumba,
akaona: mahali pa vistari viwili vifupi
kimelala kimoja, kirefu, kitanashati,
kazi ya programu fulani ya kuandikia
iliyodhani inamsaidia mtu.
Wema usiobisha hodi.

Basi akaanza msako. Brno, mwezi wa pili,
theluji chafu dirishani, tramu ikisaga reli.
Alama za kunukuu zilizojikunja
kama masharubu ya afisa wa zamani: akazinyoosha.
Nukta tatu zilizogandishwa kuwa herufi moja:
akazitenga, kila nukta isimame kwa miguu yake.
Mshale wa madoido: kistari, alama ya kubwa kuliko, basi.
Na ile nafasi isiyokatika,
tupu kama nafasi nyingine yoyote,
haionekani kwa jicho wala kwa miwani,
ila kwa mashine ni ukuta.
Alizipata mia mbili na sita.
Alizihesabu, ndiyo. Alitamani kumwambia mtu.

Herufi mia na ishirini na nane, hizo tu,
kabati kuukuu ambalo kila kompyuta ina ufunguo wake.
Baba yake alipanga herufi za risasi kiwandani,
na kistari kirefu kilikuwa fahari yake;
angesema, "Unabomoa nilichojenga."
Naye angejibu: Baba, kitabu kinasomwa na mtu,
na mtu husamehe. Hiki kinasomwa na seva.

(Mimi ninayeyaandika haya, lugha yangu haivai kofia.
Kibodi yoyote yanitosha, ya Lima au ya Helsinki,
ila kile kijialama cha ng'ombe, cha ng'ambo.
Nimekiona kimepinda, nimekiona kimenyooka,
siku moja nimekikuta kimegeuka kuwa swali: ng?ombe.
Ng'ombe gani huyo anayejitilia shaka?)

Saa sita kasorobo. Chombo chake cha kutafutia
kikapiga kelele kwenye faili ya mwisho, ya waandishi.
Makosa mia na tisa, kilidai.
Akatazama. Yalikuwa watu.
Bořivoj. Háta. Ludvík Čáp.
Yeye mwenyewe, Zdislava Koňaříková,
kofia mbili na kope mbili.
Kwenye kanuni akaongeza maneno mawili,
isipokuwa majina,
na chombo kikanyamaza.

Kumbe kuna mmoja ambaye hakikuwa kimemlalamikia.
Rehor Simunek, mwaka wa tisini na tatu, kichwa wazi,
enzi ambapo mashine ilitapika kila kofia.
Kwa mama yake alikuwa Řehoř Šimůnek.
Kidole kilishafika juu ya kibodi, amrudishie chake,
ndipo akakikumbuka kile kistari kitanashati.
Akamwandikia kwanza.
Mzee alikuwa macho; wa kazi hii hawazeeki kwa kulala.

"Acha," alijibu. "Huyo asiye na kofia
ndiye aliyeiandika programu.
Mwenye kofia alikuwa mume wa mtu, akilala mapema.
Hawakuonana sana wale wawili, na lawama ni yangu.
Lakini asante kwa kubisha hodi."

Aliisoma mara mbili. Chai ilikuwa imepoa na utando juu.
Kisha kwa Vavřinec, Ostrava, akatuma mstari mmoja,
ndani yake vistari viwili,
vifupi, vimeachana kidogo.
Jaribu sasa, aliandika.
Akangoja.