Kilo

Ndege yetu ina viti kumi na viwili,
kwa hiyo hapa hatupimi mzigo tu,
tunampima na mwenyewe.
Panda. Simama wima. Usishike ukuta.
Wanene hutoa simu mfukoni, huvua saa,
wakasema, mizani yako mbovu, Mwinjuma.
Nami huwajibu: mbovu, lakini haina umbea.

Ndege ikisikika juu ya mikonge
Kombo hutoka na baiskeli
kuwafukuza mbuzi wa Kange barabara ya kutulia,
akipiga kengele kama muuza barafu.

Bi Time binti Faki alikuwa wa Jumanne.
Alikuja Bombo kutibiwa, akirudi kwao Pemba
na kikapu cha machungwa ya Muheza.
Januari nilimwandika sitini na mbili.
Machi, hamsini na saba.
Machungwa hayakupungua: kilo kumi,
hata nje ya msimu, kumi,
kama deni.

Mei akapanda na mkoba begani.
Nikamwambia, Bibi, mkoba weka chini.
"Uache," akasema, "leo ndio unaonishikilia."

Hamsini na moja. Na mkoba.

Kalamu ikasita.
Ningeongeza tatu, nne, nani angejua?
Lakini rubani haruki kwa huruma,
hutia mafuta kwa hesabu yangu.
Nikaandika iliyo kweli. Mwandiko ukatoka mdogo.
Akauchungulia, akacheka kwa pua:
"Hizo nilizopunguza, pakieni machungwa."

Juni ikaja barua.
Abiria hawatoshi, safari ya Pemba imesitishwa
hadi itakapotangazwa.
Haijatangazwa.
Namba yake ya simu ilikuwa kwenye fomu,
na fomu zilikwenda na shirika, na feni, na viti viwili vizuri.
Mimi nimebaki na daftari,
mstari wa mwisho jina lake,
chini yake mistari mitupu hadi jalada.

Siku hizi nawapimia watu mbuzi wa Idi.
Mbuzi hatulii; anashikwa miguu, analia,
mwenye mbuzi anabishana nami, mnunuzi anabishana naye.
Akishushwa, mshale hurudi mbio,
ukakaribia sifuri,
usifike.
Hubaki palepale, nusu kilo ya kitu.

Fundi kasema ni springi imechoka,
kazi ya dakika tano.
Namwambia aje Jumanne.
Akija Jumanne, namwambia Jumanne.