Nipo, Hicho Sina

Saa nane usiku, Kijitonyama. Chumba cha seva
kina baridi kama Makete.
Sikujua amejifunga kanga juu ya koti la kampuni
(jina lililomponza shuleni kila mwalimu alipomuuliza),
anasoma kumbukumbu za mtambo, mstari kwa mstari.

Zahanati moja ya Mbagala inalalamika tangu Jumatatu:
majibu ya vipimo hayafunguki kwenye simu.
Si zote. Simu mpya tu.

Sasa anaona.
Simu ya zamani inabisha na swali moja,
jina hili linakaa wapi? Inajibiwa, inaingia.
Simu mpya inauliza hilo, halafu inaongeza la pili,
swali la aina ya sitini na tano,
ambalo seva hii, kongwe kuliko zamu yake,
haijawahi kulisikia.
Basi inanyamaza.

Hodi.
Sekunde tano.
Hodi.
Sekunde tano.
Hodi

na kule Mbagala mama mwenye mtoto wa homa
anatazama kiduara kikizunguka,
anadhani bando limekwisha.

Kuna sheria imeandikwa mlangoni mwa mtambo:
usilolijua, litupe.
Fundi aliyeiandika alishahamia Mwanza.
Aliita ulinzi.

"Tuiambie ijibu kwamba jina halipo,"
anasema Tumwesige, mwenzake wa zamu, huku akipiga miayo.
"Simu itaacha kungoja."

"Itaacha, tena itaamini.
Itaukariri uongo wetu saa nzima,
hata atakayeuliza lile tunalolijua
ataambiwa zahanati haipo.
Nenda Gerezani uulize nozeli ya trekta.
Mwenye duka akikukodolea macho tu, utakauka na jua.
Akisema hapa hakuna duka,
nawe umeegemea kaunta yake,
mmoja wenu ni mwehu.
Aseme: duka ndilo hili, bosi, nozeli sina.
Hapo utamuuliza fenibelti."

Anaifuta sheria. Anaandika nyingine, fupi,
na juu yake, pale mafundi wanapoacha maelezo
ambayo mashine hairuhusiwi kuyasoma:

*Ukiulizwa usilo, usiseme kuwa hupo,
Kimya si jibu la hilo, mngoja jibu yu papo,
Useme: jina ninalo, aina hiyo haipo,
Kuuliza si ujinga, kunyamaza ndiko kosa.*

Anajaribu. Sitini na tano?
Jibu linarudi kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe:
jina lipo, hicho sina.
Kumbukumbu zinaanza kuteremka haraka,
Mbagala, Chamazi, Mbagala, Kongowe,
watu wanaofungua karatasi zao usiku huu
bila kujua kilichobadilika.

Tumwesige amelala kitini.

Sikujua anatoa simu yake mwenyewe.
Ujumbe wa Mwantumu una siku kumi na moja:
*Dada, mchango wa harusi ya Rehani,
tukuandikie shilingi ngapi?*
Ameusoma mara nyingi. Hakujibu.
Mara mbili alikaribia kuandika kwamba atakuwa Dodoma.

Anaandika: *Nipo. Pesa sina.*
Kidole kinaganda kidogo. Anatuma.

Kumbe Mwantumu naye yu macho.

*Na mikono je?
Ijumaa tunamenya vitunguu, magunia mawili.*