Punguzo la Kutodai

Kila mwezi wa pili Shaame huitoa bahasha ya kaki
iliyolala chini ya sare za skuli,
akanisomea kama asomaye barua ya mkwe:
mwaka wa kwanza hukudai, asilimia kumi;
wa pili, ishirini;
sasa wa saba, arobaini, na ngazi imekwisha.
"Waona, Kazija? Mtu akinyamaza, hulipwa."

Mimi nachambua mchele.

Kanta yenyewe ni ya buluu.
Ubavuni kwa ndani ameshindilia magodoro ya zamani,
likiwemo letu,
ili Karafuu na Kipusa wasijichubue.
Farasi wa watu hao, wa zizi la Fuoni,
kila Alhamisi huenda Paje kubeba wageni ufukweni,
jioni hurudi na chumvi kwenye kwato.

Siku ya kwanza, ofisini Mlandege,
karani hakujua awaandike wapi.
"Mzigo?"
"Mzigo hauombi maji njiani."
"Basi abiria."
"Abiria gani apigaye mateke?"
Kijana akakuna kichwa kwa kalamu,
akaandika: *Mengineyo*.
Kumbe mengineyo ni ghali kuliko vyote.

Alhamisi iliyopita, pale Jozani,
kima mmoja aliamua kuvuka na mwanawe tumboni.
Shaame akakanyaga breki,
Karafuu akaja na kishindo, akaenda na mlango.
Bawaba mbili, taa, ubavu mzima wa bodi.
Farasi, alhamdulillahi, mkwaruzo tu wa goti.
Na kima alifika ng'ambo,
akakaa juu ya mzizi, akatutazamia hasara.

Fundi wa Kwerekwe kataja laki nne na nusu.
Usiku ule taa ya simu haikuzimika:
akidai, wakate laki yao ya mwanzo,
wampe iliyobaki,
na miaka saba ya kunyamaza iporomoke hadi chini.
Asipodai
akanitazama,
kisha akalitazama kopo la maziwa juu ya kabati.
Mwezi ule upatu ulikuwa zamu yangu.
"Nikopeshe," akasema, "tusiiharibu rekodi."

Rekodi.

Mbele ya kadhi, mashahidi wawili na sinia la haluwa
ilitajwa mahari yangu:
msahafu, kitanda cha samadari, shilingi laki tatu.
Msahafu niliupata.
Kukopa harusi, kulipa matanga;
mimi hata hayo matanga sijayaona.

Miaka ishirini na sita sikudai.
Sikudai tulipolala kitanda cha kamba
nikaamka na miraba mgongoni.
Sikudai alipouza cherehani akanunua springi za gari.
Wifi yangu alikuja kwa siku tatu,
akakaa hadi wanawe wakamaliza skuli;
sikudai.
Kama ni asilimia kumi kwa mwaka, bwana,
mia nilishaitimiza zamani,
na kutoka hapo ni nani anamlipa nani?

Sikumwambia hayo. Nilinyoosha mkono
nikaichukua ile fomu ya madai
aliyokuwa akiiogopa kama kaa la moto,
nikamuomba kalamu.
Jina: Kazija binti Vuai.
Tarehe ya tukio: nikaandika ya harusi.
Makadirio ya hasara: nikapaacha patupu.
Aina ya mzigo:
nikafikiri kidogo,
nikaandika, kwa herufi kubwa, MENGINEYO.

Akaisoma. Akairudia kuisoma.
Halafu, kwa sauti ya yule karani,
"Una mashahidi?"
"Wawili. Mmoja tumemzika.
Mwingine kila nikikutana naye sokoni
huniuliza kama samadari ni kitanda kizuri."

Kopo bado liko mapajani mwangu.
Nje, mlango wa Kanta umefungwa kwa kamba ya nazi.